Doa la Ndizi Nililolitia kwa Mikono Yangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana watu wa kwetu wako humu na wanapenda kusoma kuliko mimi. Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Bigwa, Morogoro. Nashona zaidi sare za shule. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho hakijanitoka wiki nzima, na kilichonitia kinyaa hicho ni filamu.

Wengi wenu mmeiona. Ile ya wasichana wa bweni, ambamo wadada wazima wenye kope za bandia wanajiita kidato cha pili. Mlilia kwenye ile sehemu ya getini, mkaandika "nimemkumbuka mama yangu". Aliyeitunga na kuiongoza ni rafiki yangu. Tumetoka kijiji kimoja huko juu, kupita Mkuyuni, tukasoma shule moja ya bweni hapa mjini, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Sasa niwaambie kilichotokea kweli. Tukiwa kidato cha pili, siku ya wazazi kututembelea, mama yake alishuka na fenesi kubwa kichwani, kanga imelowa jasho, miguu ina vumbi mpaka magotini. Rafiki yangu alikuwa amesimama na wasichana ambao wazazi wao walikuja na magari. Mmoja akauliza, "Yule mama ni wa nani?" Akajibu bila kupepesa macho, "Sijui, labda anauza." Akageuka, akaenda zake bwenini. Mimi ndiye niliyekimbia getini, nikampa shikamoo, nikalipokea lile fenesi. Kikonyo kilikuwa bado kinatoa utomvu, ukanichafua sketi yote mapajani. Nikamdanganya yule mama kwamba mwanawe yuko kwenye mtihani. Tulikaa kwenye benchi mpaka muda ukaisha, naye akaondoka akinisisitizia tusizitupe kokwa, tuzichemshe. Jioni rafiki yangu alilila fenesi nyuma ya bweni huku akilamba vidole. Aliyelibeba alimkana, fenesi lenyewe hakulikana.

Sikumwambia mtu yeyote. Tulikuwa watoto, na nilijua aibu ile ingemtosha mwenyewe.

Miaka imepita, akaja dukani kwangu amependeza, ananukia. "Shoga, nishonee sketi za filamu, ni maisha yetu ya shule. Moja uitie doa la utomvu, hapa mapajani. Unakumbuka?" Machozi yakanilenga. Nikajua ananikumbuka, na kwamba hii ndiyo njia yake ya kusema asante. Nikamwambia nitatafuta fenesi sokoni. Akasema, "Aa, tumia ndizi, kwenye kamera doa lake linaonekana zaidi." Nikalitia lile doa kwa mikono yangu, nikaipiga sketi pasi vizuri.

Siku niliyoiangalia filamu na wanangu, nilijiona mle ndani. Msichana anayemkana mama yake amepewa jina langu la nyumbani. Hata mwanya wangu wa mbele wameutafutia mwigizaji aliye nao. Anayekimbia getini kumpokea yule mama, ndani ya sketi yenye doa, ni yeye rafiki yangu, eti mtoto mwenye roho nzuri! Na yule mama hajabeba fenesi. Kabeba mkungu wa ndizi.

Hapo ndipo nilipoielewa habari ya ndizi. Mama yake yuko hai, na angeliona fenesi angejitambua. Aliyekuja shuleni na mkungu wa ndizi ni mama yangu mimi, mara moja tu, siku ambayo nilikuwa nimepelekwa na timu ya shule kwenye michezo mji mwingine. Aliuacha mkungu getini akarudi. Rafiki yangu alikuwepo siku hiyo, na hata hilo amelitumia.

Nikampigia simu. "Ile ni sanaa bwana, lazima awepo mtu mbaya," akasema.

"Kwa nini asiwe wewe?"

"Mama yangu angejisikiaje?"

"Na wangu?"

"Mama yako haangaliagi filamu."

Ameiangalia. Mdogo wangu alimwonyesha kwenye simu, na sasa kijiji kizima kinamwonea huruma. Jumamosi nikapanda kwenda kumwona. Nikamkuta uani, ameketi na mama wa rafiki yangu, aliyekuja kumfariji. Walikuwa wanapasua fenesi. Mama aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yakiwa kwenye fenesi. Kisha akaniuliza taratibu, "Siku ile nilipoleta ndizi, kweli ulikuwa michezoni?"

"Haki ya Mungu, mama, nilikuwa michezoni. Aliyefanya vile si mimi."

"Kama si wewe, ni nani? Jina ni lako, mwanya ni wako."

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, yule mama mwingine akaninyooshea kipande cha fenesi kwa vidole vilivyopakwa mafuta ya kuzuia utomvu, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi hata sikukuzaa, ulinikimbilia ukanibebea fenesi langu. Sasa huyu mama yako mwenyewe alikukosea nini?"

Nikapokea, nikakitia mdomoni, huku mama yangu ananitazama anasubiri jibu. Kisha nikaenda kukitema nyuma ya nyumba. Nimerudi Bigwa bila kujibu.

Ndugu zangu, msinishauri habari ya rafiki yangu, huyo nimeshamalizana naye moyoni. Nikisema ukweli, yule mama wa fenesi atajua kwamba mtihani ule haukuwepo. Nikinyamaza, mama yangu ataingia kaburini akiamini nilimwonea aibu. Nyie mliolia kwenye ile sehemu ya getini, niambieni leo: kati ya hawa mama wawili, nimuumize yupi?