Matofali Yaliyonyweshwa Maji

Nyumba ya baba ilianguka upande mmoja katika mvua ya Aprili, na upande wa pili ukamaliziwa na baba mdogo. Hakukusudia. Alikuja kutupa pole, akazunguka mikono nyuma, akaiegemea kwa bega kona iliyobaki ili aone kama ina nguvu, na kona ikamjibu. Akajipangusa udongo, akatangaza mbele ya majirani kwamba boma lisilo na nyumba ni ganjo, na ganjo halilei watoto.

Watoto aliowasema ni wadogo zangu watatu. Mimi sikuwemo. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini, na kwa mawazo ya ukoo msichana asiye shuleni ameshaolewa, ila tu mume hajapatikana. Wasichana wawili wangegawiwa mashangazi, na mvulana angekwenda kwa baba mdogo. Mwaka ule ulikuwa wa tohara, na umri wa ndugu yetu ulikuwa umefika. Kwetu, pande za Bungoma, kijana hutoka mtoni alfajiri akiwa amepakwa udongo, akaja kusimama uani kwa baba yake. Akisimama uani kwa mtu mwingine, basi huko ndiko kwao.

"Nyumba isimame kabla ya Agosti," baba mdogo aliniambia, "ama kijana atatokea kwangu. Mimi sina ubaya, mama."

Kweli hakuwa na ubaya. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa mjengo Kitale, nikibebea mafundi maji na mchanga. Siku moja wataalamu wa utafiti wa ujenzi walileta mashine yao mjini wakakusanya watu. Walieleza kwamba matofali ya kuchoma yanamaliza miti, kwamba moshi wa tanuri unaharibu hali ya hewa, na kwamba baada ya utafiti wa miaka mingi wamepata jawabu. Jawabu ni udongo. Sisi tuliozaliwa ndani ya udongo tulipiga makofi kwa adabu.

Lakini haukuwa udongo wa kwetu hivi hivi. Ule mwekundu wa chini ulichekechwa, ukatiwa saruji kidogo na maji kidogo, kisha ukashindiliwa kwa mashine ya chuma yenye mpini mrefu. Tofali lilitoka na ulimi juu na mfereji chini, la juu likauma la chini kama meno. Niliinua moja nikaliachia. Halikuvunjika. Kidole changu cha mguu kilithibitisha.

Walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga nyumba ya mfano. Nikainua mkono. Injinia wao, kijana wa miwani, akauliza kama kwetu kuna udongo wa kutosha.

"Upo. Nyumba nzima imelala chini."

"Na wazazi?"

"Nao wamelala hapo hapo."

Aliivua miwani akaifuta. Niliona tumeshinda. Tulikuwa mayatima wa kufaa kabisa: wanne, wasafi, na karibu na barabara ya gari.

Mashine ikaja. Ndugu yangu na mimi tulining'inia kwenye mpini ule hadi viganja vikachubuka, na wasichana wakachekecha udongo. Tukapanga matofali chini ya kivuli, tukayafunika nailoni, na kila asubuhi na jioni nikayamwagilia maji, maana saruji hupata nguvu polepole ikiwa na unyevu. Injinia alisisitiza hilo kuliko yote: yasipigwe jua kabla ya wakati.

Hapo ndipo majirani walipoanza kunihurumia kwa dhati. Pande zetu mtu aliyefyatua matofali huomba jua mpaka kanisani. Mimi nilikuwa nayafunika na kuyanywesha.

"Ati hii matofali inanyonya?" jirani mmoja aliuliza kutoka uani kwake. "Si uipee na maziwa, bana!"

Baba mdogo hakucheka. Alishika tofali, akalinusa, akalirudisha kwa upole. "Hii ni mbichi," alisema. "Mayatima ya ndugu yangu hawawezi lala kwa nyumba mbichi."

Nikadhani ameyasema yameisha.

Jumamosi nilikwenda Kitale kuchukua ujira wangu wa mwisho na nguo zangu. Niliporudi Jumapili niliona moshi tangu nikiwa barabarani, nikamwonea huruma mwenye nyumba inayoungua. Nilipokaribia nikasikia watu wakiimba. Ukoo mzima ulikuwa uani kwetu. Walikuwa wameyapanga matofali yangu yakawa tanuri refu, wakalikandika matope vizuri, na katika midomo yake wakawasha moto wa mkaratusi alioupanda mama. Kisiki kilikuwa bado kinatoa maji. Wanawake waliniletea uji. Ndani ya tanuri matofali yalikuwa yakipasuka kama bisi.

"Ulichelewa, mama," baba mdogo akasema huku akijipangusa jasho, uso wake umejaa upendo. "Lakini usijali. Tumewapikia."

Nilikunywa uji. Sikuona kingine cha kufanya.

Jumanne injinia alifika na wageni waliotoka mbali kuja kuona nyumba isiyokata miti. Walisimama kati ya kisiki na jivu. Baba mdogo aliwapokea yeye mwenyewe, akamshika injinia mkono kwa mikono miwili.

"Mlisahau kuchoma," alimweleza, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu. "Ni kawaida. Kazi ni mingi."

Injinia alichukua tofali, likamegeka mkononi kama mkate mkavu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mashine inatakiwa Kachibora, na Jumatatu ijayo itaondoka. Wageni wakaanza kuangalia viatu vyao. Mimi nilimwangalia ndugu yangu. Alikuwa ameshaanza kufunga njuga zake za tohara kwenye kitambaa, kama mtu anayehama.

Ndipo shangazi yetu mkubwa, dada wa baba mdogo, akasimama kutoka kwenye kigoda.

"Wewe," akamwambia ndugu yake. "Kijana akitoka mtoni anapakwa nini?"

"Udongo."

"Na tunamchoma kwanza ndio asimame?"

Watu waliangua kicheko mpaka mgeni mmoja akaomba atafsiriwe. Baba mdogo alivua koti, akalitundika kwenye ua, akaushika mpini wa mashine.

Alivuta hadi Jumatatu, na ukoo uliochoma matofali ukavuta pamoja naye, ukiimba nyimbo zile zile. Saruji ilipopungua alileta ile aliyoiweka akiba kwa sakafu yake. Kifusi cha tanuri kilijaza msingi wetu. Mashine ilipoondoka, yeye ndiye aliyelinda zamu ya kumwagilia, na jirani aliyetaja maziwa alifukuzwa kwa ndoo.

Siku hizo aliwafundisha wapita njia kwamba kuchoma matofali ni ushamba.

Kuta zilipanda Julai, mabati yakaja wiki ya mwisho. Agosti, alfajiri, tulisikia wimbo ukipanda kutoka mtoni. Ndugu yetu aliingia uani akiwa udongo mtupu, mbichi kuanzia utosini, akasimama mbele ya mlango wa baba yetu bila kupepesa jicho. Wadogo zangu wawili walikuwa wamenishika nguo, mmoja kila upande.

Mambo yalipokwisha na vigelegele vikapoa, nilimwona baba mdogo akizunguka nyumba, mikono nyuma. Alifika kwenye kona, akatazama kama kuna anayemwona, akaiegemea kwa bega. Akasukuma. Akarudi hatua moja, akasukuma tena kwa nguvu, mpaka kofia ikamtoka.

Akaiokota, akaipangusa, akaja mlangoni kwangu.

"Mama," akasema, "kwani kwa hii boma hakuna chai?"