Sabufa Mahali pa Cherehani

Mzee Tsai Huo-mu aliendesha kreni bandarini Keelung mpaka alipostaafu, na tangu nimjue hana starehe nyingine ila muziki. Hanywi, hachezi karata. Anaishi ghorofa ya nne na mkewe, Hsiu-luan, ambaye ni mshonaji. Mimi niko ghorofa ya tatu, chini yao kabisa, kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona na mengine yalinifikia kupitia dari.

Spika zake zilikuwa mbili, ndogo, za mbao, na kila mgeni alizisifu. Mwenyewe hakuridhika, na sababu ilikuwa santuri moja. Kaka yake Hsiu-luan, marehemu Chin-fa, alikuwa akipiga besi kwenye bendi ya ukumbi wa dansi karibu na gati. Ile fidla kubwa ya kimo cha mtu, inayopigwa kwa kusimama. Bendi ilirekodi santuri hiyo moja tu, kisha Chin-fa akafa kwa maradhi ya kifua angali kijana. Hsiu-luan hakutaka hata kuisikia.

"Kaka yuko wapi humo?" alikuwa akimwambia mumewe. "Nasikia tarumbeta na yule mwimbaji anavyopiga makelele. Kaka yangu hayumo."

Na kweli hakuwemo. Spika zile hazikuweza kushuka mpaka kule chini besi inakokaa. Basi mzee akaenda mjini, akarudi na sabufa, boksi jeusi la kutoa besi tu, lililomshinda kubeba mpaka nikamsaidia ngazini. Akaliweka kwenye pembe, nyuma ya kochi, akalifungulia.

Nilikuwa nimerudi kwangu, nakula tambi. Bakuli likaanza kutembea mezani. Nikajua ni tetemeko, nikakimbilia mlangoni. Ndipo nikasikia tarumbeta. Nikachukua ufagio nikagonga dari, haikusaidia, nikapanda.

"Mzee Tsai, unabomoa jengo?"

"Karibu jirani, karibu usikie besi!"

"Nimeshaisikia. Imenifuata mpaka kwenye bakuli."

"Mwambie wewe," akasema Hsiu-luan bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Mimi kanichosha. Hiyo si besi, hilo ni lori limekwama kwenye tope."

Alisema kweli. Ukikaa kwenye kochi, noti moja inanguruma hadi meno yanacheza, inayofuata haipo. Ukisogea dirishani husikii kitu. Mzee akapunguza sauti, akaongeza, akapunguza tena. Mwishowe akampigia simu mama aliyemuuzia. Yule mama akamwambia aache kuhangaika na vitufe: aiweke sabufa pale anapokaa yeye akisikiliza muziki, kisha atambae chumba kizima akisikiliza. Besi itakaposikika safi, hapo ndipo mahali pake.

Kesho yake Hsiu-luan akatoka sokoni akamkuta mumewe sakafuni, kwa mikono na magoti, shavu limegusa ukuta, macho yamefumbwa. Nilimsikia akipiga ukelele, nikapanda mbio.

"Jirani! Mzee kapooza!"

"Sijapooza! Natafuta besi!"

"Chini ya kabati?"

"Hebu nyamaza kidogo, mama. Imo humu humu."

Akatambaa, sabufa imekaa kwenye kochi kama mgeni rasmi. Alipofika kwenye cherehani akatulia. Akainuka taratibu, kashika kiuno.

"Ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenye cherehani."

"Thubutu! Cherehani hii imesomesha wanao. Ulikuwa na sabufa wakati ule?"

"Wimbo mmoja tu, mama. Usipoupenda, nairudisha dukani leo leo."

Hsiu-luan akanitazama mimi, kana kwamba nimehusika. Kisha akaondoa kitambaa alichokuwa akishona, akakishika mkononi. Tukasogeza cherehani. Safari hii mzee aliweka vipande vinene vya mpira chini ya sabufa, akaipunguza sana, akazungusha na kitufe kingine ili boksi lisiguse sauti ya mwimbaji, liachiwe zile za chini tu.

Akaweka santuri ya Chin-fa. Nilidhani amesahau kuiwasha sabufa. Hakuna kilichonguruma. Ila tarumbeta ilikuwa kama imepata sakafu ya kusimamia, na chini yake kulikuwa na mtu anatembea, noti baada ya noti, kila moja peke yake.

"Anakimbia," akasema Hsiu-luan.

"Nani?"

"Kaka. Hapo kabla ya kiitikio. Kiongozi wao alikuwa akimgombeza kila siku. Akipata woga anakimbia. Sikia... sikia, kashawatangulia tena!" Akacheka. Halafu akaketi, akajifuta macho kwa kile kitambaa.

"Angalia pini," mumewe akamwambia.

"Rudisha mwanzo."

Cherehani ikahamia dirishani. Alilalamikia baridi, kisha akakiri kwamba mwanga ni mzuri zaidi. Mzee akaanza maneno kwamba sabufa mbili husawazisha besi chumbani kuliko moja. "Leta ya pili," mkewe akamjibu, "ulale nayo." Hajaileta.

Watu wakiniuliza kama sabufa inafaa, nawaambia kwamba kwenye pembe iliharibu kila kitu, na kwamba santuri zake nyingi, za gitaa na kuimba, mimi sioni tofauti. Lakini Hsiu-luan siku hizi ananiita mwenyewe. Juzi alitaka nisikie mahali ambapo mpiga ngoma anadondosha kijiti. Sikukisikia. Tukarudia.