Uzi wa Saa Kumi na Tano

Ndugu yangu Njoroge aliponiuliza kama tunaweza kumzika mke wangu saa saba badala ya saa kumi, nilisema sawa. Natamani ningekataa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu, na sijaongeza neno.

Binti yetu Wambui anaishi Toronto. Kutoka huko hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Angani ni kama saa kumi na tano, mbali na kungoja ndege ya pili kule Ulaya. Najuaje? Alipoondoka mara ya kwanza, mamake, Nyambura, alichukua uzi wa kijani wa sweta akaufunga mafundo kumi na tano. Kila Wambui alipokuja nyumbani, Nyambura aliketi jikoni kwetu kijijini Bahati akifungua fundo moja kila saa. "Sasa ako juu ya Misri," alikuwa akisema, huku akinisogezea chai. Siku hizo nilimcheka. Leo ningetoa ng'ombe wangu wote nimsikie tena.

Nyambura alifia hospitalini Nairobi. Wambui alinipigia simu kabla ya kupanda ndege: "Dad, msizike kabla sijafika. Nataka kumuona Mum uso." Nikamwahidi, tukapanga mazishi ya saa kumi. Ule uzi, ukiwa na mafundo yake yote, niliutia mkononi mwa marehemu mimi mwenyewe, pale mochari.

Asubuhi ya mazishi tulitoka Nairobi na mwili kuelekea nyumbani Bahati, tukasimama Kikopey, penye hoteli za nyama choma kando ya barabara, watu wanywe chai. Njoroge akatazama mawingu.

"Mzee, mvua ikianza kaburi litajaa maji. Na pasta ana mazishi mengine Subukia. Kwani huyo wako atashuka na parachuti?"

Watu wakacheka. Ndipo niliposema sawa.

Wakaenda kuchagua nyama, nikabaki mezani peke yangu. Mama mmoja akaja kuketi mbele yangu, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Hakunisalimu. Alitandaza uzi wa kijani mezani.

"Baba Wambui, yamebaki mawili. Amepita Khartoum. Ngoja mtoto."

Niamini, sauti ilikuwa ile ile ya jikoni. Niliinama nikahesabu mafundo: mawili. Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu, na uzi haukuwapo.

Ningewaambia nini wale watu? Kwamba marehemu aliye ndani ya gari pale nje amekataa programu ya mazishi? Niliogopa kuchekwa tena. Nikamaliza chai, tukaondoka.

Tulimzika saa saba. Mvua yenyewe haikunyesha. Wambui alifika saa tisa na nusu, bado amevaa koti zito la huko, akakuta maua juu ya udongo. Hakupiga kelele.

"Mum alikaa na mimi kwa ndege," alisema. "Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshakwambia ungoje. Alikwambia?"

"Aliniambia."

Aliondoka wiki hiyo hiyo. Huu ni mwaka wa sita. Simu zangu hashiki, na wajukuu wangu wawili nawaona tu kwenye picha anazowatumia majirani. Wewe unayesoma, ukimwahidi mtu aliye safarini kwamba utamngoja, mngoje, hata kaburi lijae maji. Mimi nilitakiwa kungoja saa mbili na nusu tu. Sikungoja, nikampoteza mtoto wangu wa pekee.