Wifi Aliijua Mimba Yangu Kupitia Akaunti ya Filamu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wifi yangu ni mfuasi wa huu ukurasa na huwa ananitumia visa vya wanawake wenzangu ili nijifunze. Mitaa na kazi zetu nimebadilisha, akisoma asijue ni mimi.

Nina miaka 29, Msukuma wa Kisesa, nimeolewa na Mhaya, tunaishi Buhongwa hapa Mwanza. Nashona sare za shule nyumbani, mume wangu yuko kiwanda cha minofu ya samaki. Mtoto hatujapata bado. Najua wengine mtaniona nina utoto, kugombana na ukoo wa mume kisa filamu, lakini someni mpaka mwisho.

Dada mkubwa wa mume wangu ndiye aliyemlea na kumsomesha, na hilo namheshimu. Tatizo ni kwamba kila kitu cha nyumbani kwangu lazima kipitie kwake. Hata filamu. Alijiunga kupitia wakala mmoja anayeuza huduma kadhaa za filamu kwa pamoja. Unamlipa wakala, yeye ndiye anayekufungulia. Akaunti ni ya wifi, namba ya siri ni ya wifi, sisi wengine tumening'inia humo. Mimi nashinda kwenye cherehani, runinga inanichangamsha, nikaona ni upendo.

Kumbe chochote ninachotazama kwangu, kwenye simu yake kinaonekana.

Mwaka jana nilipata ujauzito. Mume wangu alikuwa Nansio kikazi na sikutaka kumwambia kwa simu, nilitaka nimwone uso. Kwetu mimba changa haitangazwi, hata mama yangu mzazi nilikuwa sijamwambia. Ila furaha ilinizidi, nikaanza kutazama vipindi vya mkunga mmoja anayefundisha mama wajawazito. Nashona huku namsikiliza, nacheka peke yangu.

Siku hiyo hiyo jioni mama mkwe akapiga kutoka Bukoba. "Hongera mwanangu, dada yenu ametuambia. Tunashukuru Mungu." Simu haijapoa, mume wangu naye akapiga. "Yaani mke wangu ana mimba, mimi naambiwa na mama? Mimi ni nani kwako?" Nilijieleza mpaka sauti ikakauka. Wifi nilipompigia, alicheka tu. "Mwanamke hatazami mambo ya mkunga bure. Kwani nimeiba?"

Ile mimba haikukaa. Ilitoka kabla hata sijaanza kliniki, na sisemi wifi ndiye aliyeitoa, daktari alinieleza kwamba hutokea. Lakini kilichonichoma ni baada ya pale. Watu wa Bukoba walishajua, jumuiya yetu ilishajua, hadi wateja wangu wa sare. Watu ambao sikuwaambia furaha yangu, nililazimika kuwaambia msiba wangu mmoja mmoja. Wifi alikuja kunipa pole na ndizi zake, akakaa kitandani kwangu akasema, "Ungeniambia mapema ningekuelekeza namna ya kujitunza." Nilitamani nimtoe nje, nikaishia kumshukuru.

Kila nikiwasha runinga, ya kwanza kutokea ilikuwa sura ya yule mkunga, inaniuliza kama nataka kuendelea nilipoishia. Nilijaribu kuviondoa vile vipindi, vikagoma. Nikawaandikia wenye huduma wenyewe, wakanijibu kwa adabu kwamba akaunti imenunuliwa kwa wakala, niongee na wakala. Wakala akasema anamtambua mwenye akaunti tu. Mwenye akaunti ni wifi. Yaani nikamwombe yeye ruhusa ya kufuta uchungu wangu.

Nikamwambia mume wangu tutoke humo, tulipie wenyewe. Akaniuliza, "Ukipitia kwa dada unapungukiwa nini?" Sikubishana. Nikajiunga moja kwa moja kwa wenye huduma, kwa simu yangu na hela yangu ya cherehani. Siku alipouona ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, hata hakunigombeza. Alimpigia dada yake.

Tukaitwa Nyegezi kwa wifi. Nikamwamkia, "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nasikia umejitenga."

"Sijajitenga, nimelipia filamu."

"Unaficha nini ambacho ukoo hautakiwi kukiona?"

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Alikuwa ameinamia simu yake. Nikaambiwa nifunge akaunti yangu na niombe radhi. Mpaka leo sijafunga, radhi sijaomba, na nyumbani tunaongea habari za gesi na umeme tu.

Sasa ndugu zangu, nina mimba tena. Hakuna anayejua zaidi yangu na nesi wa kliniki. Nilienda peke yangu na nesi akaniambia, "Mama, siku ya kuja kupima njoo na mwenzako, mpimwe wote." Siku yenyewe ni Jumatatu.

Juzi nilimpima mume wangu kidogo. Nikamuuliza, "Nikikuambia jambo langu la ndani kabisa, unaweza kukaa nalo bila kumwambia dada?" Hakukasirika. Alifikiri kweli, nilimwona anafikiri. Kisha akasema, "Dada si mtu wa nje."

Nampenda huyu mwanaume na mtoto ni wake. Ila nikimwambia leo, kesho Bukoba wanashangilia, na Mungu aepushie mbali, ikitokea kama ya kwanza sina nguvu ya kuwazungukia tena mmoja mmoja. Nikinyamaza, ni mimi nitakayeitwa mke anayemficha mume wake. Mliopitia haya nisaidieni kabla ya Jumatatu: nimwambie, au nikae kimya mpaka tumbo limwambie lenyewe?