Korongo Kumi na Tisa Kwenye Njia ya Base

Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu aliponiita kutoka juu ya kichuguu. Mimi nilikuwa chini, upande wa kivuli, nikifungua chupa ya chai. Saa hiyo naikumbuka kwa uhakika kwa sababu treni ya mizigo iliyokuwa ikingojewa tangu juzi ilikuwa imetoka kupiga honi mjini, nami nilikuwa karani wa mizigo. Honi ikilia natazama saa, hata nikiwa porini.

“Ndege zimefika, yaya! Kumi na tisa! Zinatoka ku sud!”

Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa, na ku sud ni kusini. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayepokea wageni. Walikuwa korongo, wale weusi wenye tumbo jeupe, ambao kila mwaka mvua zikikaribia kwisha hupita juu ya Kamina wakielekea kaskazini. Tulikuwa tumewangojea wiki tatu. Mita mia mbili kutoka hapo, kwenye njia ya Base, ile kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, askari wawili walikuwa wamekaa kwenye kizuizi cha kamba. Sisi tuliwaona. Hatukufikiri kwamba na wao wanatusikia.

Mwalimu alikuwa Mmethodisti, wa familia ya makarani na walimu. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa wakulima wa kijiji cha karibu. Kwa kawaida tusingekuwa na la kuzungumza zaidi ya salamu. Tulikutana chini ya tangi la maji la stesheni, ambako mbayuwayu hujenga viota vya udongo. Nilimkuta amesimama, kichwa juu, mdomo wazi, nikadhani anachagua bomba la kuiba, kwa maana miaka ile watu waliiba hata misumari ya reli. Nikamuuliza anatafuta nini. Akajibu bila kushusha macho: “Ile ya pembeni iko na batoto bane. Jana balikuwa batano.” Mimi pia jana nilikuwa nimehesabu watano. Nilikuwa nimewatazama ndege peke yangu kwa miaka kumi na moja, na sikujua kwamba katika mji ule kuna mtu mwingine mwenye ugonjwa huo.

Yeye alikuwa na darubini, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mimi nilikuwa na kitabu cha ndege cha Kifaransa, kisicho na jalada. Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilikuwa moja. Tulipita nyuma ya mashamba ya mihogo, tukashuka kwenye bonde la majani lenye maji, tukarudi jua likianza kuchoma. Njiani tulibishana. Yeye alimtambua ndege kwa mwendo wake, mimi kwa rangi na urefu wa mdomo, na kila mmoja alimwona mwenzake kama kipofu.

Tulibishana pia juu ya Kiswahili. Mimi shule yangu ilikwisha mapema. Kiswahili cha kuandika nilijifunza usiku baada ya usiku katika kitabu cha sarufi kilichotupwa na mapadri. Humo niliona kwamba ndege mwenye manyoya husemwa kama mtu: amefika, wamefika. Ndege ya chuma husemwa kama nyumba: imefika, zimefika. Kwetu Kamina hakuna anayetenga mambo hayo. Kuku zinakula, mbuzi zinalala, ndege zinapita, ziwe na manyoya au injini. Nilimweleza mwalimu, akacheka hadi akakaa chini. Akaniita padri wa ndege. Hata hivyo aliazima kile kitabu, akakisoma chote, na tangu hapo, akiingia ofisini kwa mkubwa yeyote, alivaa Kiswahili hicho kama mtu anavyovaa shati la Jumapili. Porini alikivua. Porini ndege zilifika.

Kulikuwa na jambo moja tulilokubaliana bila ubishi. Katika kitabu changu kulikuwa na picha ya ndege mkubwa wa kijivu, mdomo wake kama kiatu cha mbao, anayesimama kwenye mafunjo ya yale maziwa yaliyo chini ya Bukama. Wavuvi wa huko wanamjua. Sisi tulikuwa hatujamwona. Tulianza kuweka fedha katika kopo la maziwa ya unga, kila mmoja kiasi chake kila mwisho wa mwezi, ili tupande treni hadi Bukama, tukodi mtumbwi, tukamtazame. Kopo lilikaa kwangu kwa sababu mwalimu alikuwa na watoto sita na njaa ya nyumba yake ilijua kufungua makopo.

Ndivyo tulivyokuwa mwaka ule askari kutoka mashariki walipoingia mjini, na jeshi la zamani likakimbia. Siku za kwanza neno lililorudiwa kila mahali lilikuwa kwamba waliokimbia watarudi na ndege kupiga mabomu Base. Anayezielekeza hizo ndege atapigwa risasi. Hilo tulilisikia, kama wote. Kwa kuwa halikutuhusu, tulilisahau.

Wale wawili wa kizuizi walikuja wakitembea, bila haraka. Mmoja alimwambia mwalimu ashuke. Mwingine alimvua darubini shingoni, akaitazama kwa upande usiofaa, akaigeuza. Kisha akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka cha kwao, ndege hizo kumi na tisa zimetoka wapi na nani amemwambia. Mwalimu akaonyesha juu. Korongo walikuwa wamekwisha kupita. Mbingu ilikuwa tupu. Wakamfunga mikono kwa kamba ya kizuizi chao. Mimi waliniambia niende nyumbani. Nilifuata nyuma.

Mkubwa wao alikuwa amekaa katika nyumba moja kando ya njia, mtu mwembamba, ameshika kitambaa shavuni kwa sababu ya jino. Aliniruhusu kusema. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa: ya manyoya na ya chuma, wamefika na zimefika, na kwamba mtu wa Kamina hatengi. Nilieleza kwa utaratibu, nikiwa nimesimama wima, na niliona anasikiliza kweli.

“Kwa hiyo huyu angesema kwa zi hata kwa kuku,” akasema.

“Ndiyo, afande. Hata kwa kuku.”

Akamgeukia mwalimu. “Una kuku nyumbani?”

“Ninao, afande.”

“Nipe habari zao.”

Nilijua kinachokuja kabla hakijatoka. Mwalimu alikuwa mbele ya mkubwa, amefungwa, anaogopa, na mtu wa shule akiogopa huvaa shati lake la Jumapili. Akanyoosha mgongo, akasema: “Kuku wangu wamefunguliwa mapema leo, afande. Wanakula mahindi. Wote ni wazima.”

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni. Mkubwa alinitazama mimi, kisha akabadilisha kitambaa kutoka shavu moja hadi lingine, ingawa jino lilikuwa upande mmoja tu.

“Huyu anaongea kama mimi,” akasema. “Basi aliposema zimefika, alijua anachosema.”

Askari aliyekuwa mlangoni alimshika mwalimu begani. Sarufi yangu yote nilikuwa nimeitumia. Nadhani mkubwa naye hakuwa na hamu ya kumuua, maana aliuliza tena, kwa uchovu, kama mtu anayefunga mlango: “Na mbuzi?”

Sijui neno hilo liligusa nini kwa mwalimu. Uso wake ulibadilika. Alisahau kamba, alisahau kitabu.

“Mbuzi? Mbuzi zilikufaka zote, chef. Basoda ba mbele, bale balikimbiaka, balizikulaka, saba, hata ile ya mimba. Miye nilibaambia, ile iko na mimba, muiache. Bakanipiga na fimbo. Ni mbuzi gani unaniuliza tena?”

Mkubwa alianza kucheka, akashika shavu kwa maumivu, akaendelea kucheka huku machozi yakimtoka. “Zilikufaka,” akarudia. “Zilikufaka zote.” Akafanya ishara wamfungue. Aliniuliza korongo wale wanakwenda wapi. Nikasema kaskazini, mbali, huvuka nchi nzima. Akasema wana bahati, wanapita vizuizi vyote bila kulipa. Darubini aliiweka mezani upande wake. Hiyo, alisema, itabaki kazini.

Tulirudi mjini kwa miguu. Nilitaka kucheka naye juu ya mbuzi, nikangoja aanze yeye. Hakuanza. Kwenye njia panda ya nyumba yake alisimama, akasugua vifundo vya mikono, akasema: “Nakushukuru sana, ndugu. Umenisaidia.” Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita ndugu. Niliitwa yaya, na siku za ubishi, padri.

Jumamosi iliyofuata nilimngojea kwenye tangi la maji. Na iliyofuata. Mke wake aliniambia ana madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Mwalimu niliyekutana naye baadaye sokoni alikuwa mtu wa adabu kamili. Alinisalimu, akauliza afya yangu, kisha: “Na ndege, wanaendeleaje?”

Wanaendeleaje. Alisema bila kosa, kama kitabu kinavyotaka. Nikajibu kwamba wanaendelea vizuri. Nilibaki nimesimama mbele ya mafungu ya samaki wakavu, na muuza samaki akaniuliza kama ninanunua au ninazuia njia.

Kabla ya mwaka kwisha alihamia Kabongo, kwenye ardhi ya wazee wake, na jamaa yake yote. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori: nije na kopo, au ulifuate? Jibu lilikuja kwa dereva yuleyule, kwa mdomo. Liweke, tutakwenda Bukama treni zikitengemaa. Treni hazikutengemaa. Vita vya pili vilianza, na mabehewa yaliyopita stesheni yetu yalibeba askari. Fedha nyingine ilikuwa imekwisha kutoka, watu wakaambiwa wabadilishe ya zamani. Nililichukua kopo hadi mlango wa mahali pa kubadilishia, nikarudi nalo. Nusu yake haikuwa yangu.

Korongo walipita tena mvua zilipokaribia kwisha. Sikuwa na darubini, macho yalitosha. Nilipanda kichuguu, nikatazama kwanza kwenye kizuizi, hakukuwa na mtu. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu wa Kamina: “Ndege zimefika.” Nikanywa chai, nikashuka, nikarudi nyumbani kabla ya jua kuchoma.

Kopo bado liko juu ya kabati, kifuniko kimeshika kutu. Tangu ahame nililifungua mara moja tu, mwaka ule wauzaji sokoni walipoacha kabisa kupokea noti hizo za zamani, zilizoitwa zaire mpya. Za kwake na za kwangu pamoja zilikuwa zaire mpya milioni tatu na elfu mia nne.