Nilivyoandikwa Mfanyakazi wa Mume Wangu

Mume wangu alifanya kazi posta tangu ujana wake mpaka akastaafu, dirisha la vifurushi, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga mihuri. Mtaani walimwita Bwana Muhuri, naye hakukasirika; alilichukua jina hilo kama cheo. Hata nyumbani, akimaliza kusema jambo aligonga meza kwa ngumi, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa. Kwake yeye, kitu kisicho na karatasi hakikuwepo. Jirani yetu alipofiwa na mama yake, Bwana Muhuri aliuliza kwanza kama cheti cha kifo kimetoka, ndipo akatoa rambirambi.

Mtu wa namna hiyo ungedhani ameiandikisha ndoa yake. Wapi. Tulioana sebuleni kwa shangazi yangu mbele ya wazee na mashahidi, watu wakala wakashiba, nikausiwa kumtii mume, na kesho yake nikaamkia jikoni kwake. Kila mwaka alisema tutakwenda kwa msajili, na kila mwaka kulikuwa na jambo zito zaidi: bati linavuja, mtoto anaanza shule, mpira umefika fainali. Watoto wetu wamekua, wameoa na kuolewa, na wao vyeti wanavyo.

Alipostaafu alikaa sebuleni akitazama televisheni mpaka kiti kikashika umbo lake. Siku moja akaona kipindi cha nchi fulani inayokaribisha wastaafu kutoka nje. Wazee waliovaa kaptura nyeupe walikuwa wakinywa juisi kando ya bwawa la kuogelea. Tangu hapo kwetu hapakufaa tena. Maji ya bomba yakawa na chumvi, majirani wakawa na kelele, hata jua letu likawa linachoma ovyo ovyo. Jua la kule, alisema, ni la kistaarabu.

Kwenda kutembea nchi za watu si kazi. Kazi ni kukubaliwa ukae. Akamtafuta wakala wa viza, bwana mmoja mwenye tai fupi na viatu vilivyochongoka mbele, aliyekuwa na ofisi juu ya saluni, kwa hiyo kila alichotueleza tulikipata pamoja na harufu ya nywele zinazoungua. Alizipanga viza mezani kama muuza vitambaa. Kuna ya mwekezaji. Sisi tulikuwa na kuku. Kuna ya kumfuata mtoto anayeishi kule. Wanetu wako hapa hapa, na mmoja bado anakuja kuomba sukari. Kuna ya mwanafunzi, na hii mume wangu aliipima kwa dhati, akauliza kama madarasa yako ghorofani, maana goti lake halipendi ngazi. Mwisho wakatulia kwenye ya mstaafu: ya muda mrefu, unaihuisha kila mwaka maadamu pensheni inaingia na hugusi kazi za wenyeji.

Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kuongozana na mtu mmoja tu. Ama mke mwenye cheti, ama mfanyakazi wa nyumbani.

Wakala aliomba cheti cha ndoa. Mume wangu akanigeukia mimi, utadhani nimekikalia. Wakala akasema ndoa ya zamani kama yetu kuisajili ni safari ndefu, mashahidi lazima wafike wenyewe, na mashahidi wetu karibu wote wameshatangulia mbele ya haki. Njia nyingine ni kufunga upya kwa msajili, tangazo likabandikwa ukutani watu wote wasome. Hapo Bwana Muhuri akanywea. Alisema hawezi kuwa bwana harusi uzeeni, watu watauliza siku zote hizi tulikuwa tunaishi vipi.

"Mfanyakazi yeye anahitaji barua ya mwajiri tu," wakala akasema.

Mume wangu hakufikiri hata muda wa kupiga chafya.

"Basi mwandike mfanyakazi," akasema, na ngumi ikashuka mezani.

Nikamuuliza kama nimesikia sawasawa.

"Ni karatasi tu, mama watoto. Kwani tukifika huko utafanya nini tofauti? Si utapika? Si utafua?"

Wakala aligundua ghafla kwamba penseli yake inataka kuchongwa.

Wifi yangu, dada yake Bwana Muhuri, nilipompelekea kilio hiki alinicheka mpaka akashika mbavu. Akasema wenzangu wangekubali kuandikwa paka, ilimradi wavuke, nami nachagua jina. Ningekataa, ningebaki wapi? Nyumba ilikuwa yake, na mpangaji alishaletwa akapima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Nikakubali. Nilijiambia nitakuwa mfanyakazi pale uwanja wa ndege tu, kisha nitarudi kuwa mke.

Yakaanza mafunzo. Nimwite bosi, nisimwite baba watoto. Nitembee nyuma yake, na somo hilo nililifaulu bila kusoma. Akaninunulia aproni, nguo ya kwanza kuninunulia tangu kitinda mimba wetu aanze kutembea. Barua ya mwajiri aliiandika mwenyewe, akanisomea kwa sauti ya redio: mwaminifu, mchapakazi, mpishi hodari, msafi, mvumilivu, asiye na kinyongo. Nilisimama na mwiko mkononi nikisikiliza. Miaka yote niliyokuwa mke hakuna hata moja ya sifa hizo iliyowahi kutoka kinywani mwake. Kumbe ilibidi niajiriwe.

Siku ya usaili ubalozini tuliitwa kila mtu dirisha lake. Langu lilikuwa na afisa mwanamke wa makamo kama mimi, mwenye sauti ya upole iliyopita kwenye vitundu vya kioo. Mume wangu alikuwa ameniasa nijibu kifupi na nisidanganye, kwa sababu hawa watu wana mashine. Sikudanganya hata neno.

Aliniuliza nimemfanyia kazi bosi wangu tangu lini. Nikasema tangu nikiwa msichana. Aliuliza kazi zangu, nikazitaja, nikaishia njiani yeye alipoacha kuandika. Mshahara? Hatujauzungumzia. Siku ya mapumziko ni ipi? Nikafikiri, nikasema nilipumzika nilipojifungua.

"Ulijifungua mtoto wa nani?"

"Wa bosi."

Afisa akaiweka kalamu chini. Akaniuliza kwa sauti ya chini zaidi ninalala chumba gani. Nikamjibu, cha bosi. Akaniuliza kama mlango hufungwa usiku, na kama nikitaka kuondoka kuna mtu wa kunizuia. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia.

Wakamwita Bwana Muhuri dirishani kwangu, na askari akasimama nyuma yake. Alipoona upepo umegeuka, akapaza sauti mpaka waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka.

"Huyu ni mke wangu!"

"Mke, au mfanyakazi?" afisa akauliza.

"Inategemea ni viza gani."

Maombi yalirudishwa hapo hapo. Afisa akamwambia arudi na cheti cha ndoa, au arudi peke yake.

Basi aibu ya kuwa bwana harusi ikaisha kama mafua. Tangazo likabandikwa, na siku ilipofika mume wangu akavaa suti aliyoagwa nayo posta. Wifi akaja kuwa shahidi, na mkwe wetu akawa wa pili. Chumba cha msajili kilikuwa na feni inayolalamika na maua ya plastiki yenye vumbi. Msajili, mzee mwenye haraka ya wastani, alimuuliza mume wangu kama anaoa kwa hiari yake. Akajibu ndiyo, na akaomba cheti kitoke leo leo.

Kisha msajili akanigeukia mimi. "Nawe mama, unakubali kuolewa na huyu kwa hiari yako?"

Swali hilo lilikuwa jipya kwangu. Kule sebuleni kwa shangazi, aliyeulizwa alikuwa mjomba.

"Hapana," nikasema.

"Hajasikia vizuri," mume wangu akamwambia msajili. "Mrudie, mheshimiwa."

Msajili akarudia, nami nikarudia. Wifi alinifinya paja, nikauondoa mkono wake kama unavyomwondoa mdudu.

"Sasa mimi nitakwenda na nani?" mume wangu akauliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli.

"Tangaza kazi," nikamwambia.

Msajili akatuomba tutoke, maana wenzetu walikuwa wameshafika mlangoni na maua yao.

Viza aliipata, ya peke yake, akaondoka. Nyumba ilipangishwa kama alivyopanga, nami niko kwa binti yangu, chumba cha nyuma kisichopitisha upepo. Sina cheti na sina madirisha mazuri. Wifi hupita mara kwa mara kuniletea habari. Juzi alikuja akaketi, akashusha pumzi, akanieleza kwa sauti ya msibani kwamba ndugu yake huko ugenini anafua nguo mwenyewe.

Nikampa pole.