Paa Jipya la Rénovat

Sévère wa kijiji cha Lubarika alikuwa fundi wa nyumba za matete na udongo. Matete aliyakata mwenyewe kando ya mto Ruzizi, akayafunga kwa kamba za mgomba, na mkewe Generose akakandika kuta kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na hakuwahi kuitilia shaka.

Uhuru ulipokuja, jirani yake Rénovat akaezua majani na kupigilia mabati.

"Majani iko ya zamani, kaka," alisema. "Sasa tuko batu huru."

Lakini jua lilipopanda, Rénovat na watoto wake walihamia kwa Sévère, wakijifuta jasho. Sévère aliwatazama asielewe. Kama uhuru ni mabati, mbona waukimbie kila adhuhuri?

Mwaka wa 1964 waasi wakaingia kijijini. Mkubwa wao aliyaona mabati yaking'aa, akasema mwenye nyumba ni mtu wa Wazungu. Kisha akamgeukia Sévère.

"Weye fundi, toa ile bati! Weka majani, leo hii!"

Sévère akapanda juu, akang'oa mabati na kuezeka majani. Rénovat alisimama chini akimwangalia.

Miezi ikapita, waasi wakafukuzwa, jeshi la serikali likafika. Ofisa mmoja akasimama mbele ya paa lile jipya.

"Hili ni paa la waasi! Nani aliezeka hapa walipokuwepo?"

Sévère alimtazama Rénovat. Alingoja jina lake litajwe.

"Ni miye mwenyewe," Rénovat akasema.

Askari wakampiga vibaya, paa wakalitia moto. Kuta za udongo zilibaki zimesimama, nyeusi.

Rénovat alipopata nafuu, Sévère alimwendea.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Hata miye sijui. Nilitaka kutaja jina yako. Kinywa ikasema ingine."

Sévère alirudi nyumbani akijiuliza. Amwombe msamaha, au amshukuru? Kesho yake akashuka mtoni kukata matete ya paa la Rénovat.

"Unaezeka paa ya waasi ao ya serikali?" Generose akamuuliza.

"Sijui, mama. Mvua iko karibu."

Rénovat akaja akichechemea, akashika kamba upande wa pili. Walifunga paa pamoja hadi likaisha.